Idi Isiyofuka Moshi

"Mwenzangu, mbona kwako hakufuki?"

Swali hilo jirani alimuuliza jirani yake juu ya ua, siku moja kabla ya Idi, na ndilo lililozaa methali mliyoisikia juzi harusini, pale mama wa bwana harusi alipowaambia wapishi: Mgeni hali moshi. Nyinyi mkacheka, mkadhani anawatania. Sasa mnauliza ilitoka wapi. Basi sogeeni mkekani. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mtaa mmoja mjini Tabora, nyumba zake zimepakana ua kwa ua, na kila ua una jiko lake la nje, mafiga matatu chini ya kipaa cha nyasi. Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Siku ya Idi, watu wakitoka kusali, hawakwenda moja kwa moja makwao kwenye pilau. Walipita kwanza nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, wakala kidogo kidogo, huyu amesimama, yule amekaa mkekani. Wakapeana mikono. Waliokuwa hawasemezani wakasemezana. Ndipo kila mtu akaenda kwake. Chakula hicho kidogo walikiita kionjo.

Nyumba ya kionjo ilikuwa moja tu, na ilikuwa na sharti lake ambalo hakuna aliyeliandika wala aliyelisahau. Nyumba ikikosa Idi moja, kionjo huhamia nyumba nyingine, na kikishahama hakirudi. Zamani kilikuwa kwa Mzee Kafuku. Mkewe akaugua mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili alikuwa mzima kabisa na mandazi yake yapo tayari, lakini miguu ya watu ilikuwa imeshazoea njia nyingine. Mandazi yale wakayala wenyewe siku tatu.

Njia hiyo nyingine ilikuwa ya kwa Rehani, mrina asali, na mkewe Nyamizi. Kionjo kikakaa kwao miaka ishirini na miwili.

Nyamizi aliikumbuka miaka ile kama mtu anavyokumbuka wimbo, maneno yote na mahali pa kuvuta pumzi. Yeye aliamka kabla ya adhana akawasha moto. Rehani alikaa kwenye kigoda karibu yake, amevaa kanzu tayari, akimimina asali juu ya kalimati zikiwa bado za moto, na akilamba kidole kila alipodhani mkewe haoni. Nje watu wakipita kwenda kusali waliutazama moshi ukipanda juu ya paa, wakaambiana kwamba kwa Rehani kumeshafuka. Moshi ule ndio uliokuwa mwaliko. Na kwa kuwa ndio uliotangulia kuonekana, watu wakazoea kuupima ukarimu kwa moshi. Nyumba ikifuka sana, walisema humo mna watu. Isipofuka, walipita wakiinamisha macho, wasimwaibishe mwenye nyumba.

Rehani alipokuwa kitandani wiki yake ya mwisho, hakuacha wasia mrefu. Alimwambia mkewe mambo mawili. La kwanza, asiuze mizinga kwa mtu mwenye haraka. La pili, mlango wa mbele usifungwe siku ya Idi. Akafariki. Idi mbili zikapita, na mara zote mbili Nyamizi aliwasha moto, akaufungua mlango, watu wakaja, naye akahisi kama mumewe ametoka kidogo tu.

Idi ya tatu ndiyo hii ninayowasimulia.

Mwaka ule Nyamizi alikuwa ameota mtoto wa jicho, jicho la kulia likafunga kabisa. Wakaja madaktari wa macho, akapasuliwa, akaona. Lakini daktari alimwonya mara mbili, kwa maneno yale yale: siku arobaini asiinamie moto, wala moshi usimguse, jicho likiingia moshi likaharibika, hawatakuwa na la kufanya. Nyamizi alihesabu kwa tasbihi. Idi ingefika siku ya thelathini na moja.

Ramadhani nzima hakuwasha moto. Jirani yake, Havijawa, ndiye aliyemlisha. Huyu Havijawa alikuwa mwanamke wa mwili na sauti, mpishi hasa, na moshi wake ulijulikana mtaa wa pili. Watu walitania kwamba mwenye njaa akipita nyuma ya ua wake hutembea polepole, na akifika mwisho wa ua huwa ameshiba nusu. Kila magharibi alikuja na bakuli la uji na sahani ya futari, akakaa hadi Nyamizi amemaliza, akaondoka na vyombo ili mwenzake asioshe. Alikuwa mtu mwema. Kosa lake ni kwamba aliamini chakula ni kile tu kilichopita motoni.

Idi ilipokaribia, Nyamizi alikaa kwenye mswala wake baada ya kusali akawaza. Kumwambia Havijawa ampikie vionjo, haikufaa. Chakula kingekuwa cha Havijawa, na watu wangejua. Kuwasha moto, jicho. Kufunga mlango, wasia. Akabaki anazungusha tasbihi, na katikati ya kuzungusha akamkumbuka Rehani alivyorudi mwaka mmoja kutoka kambi ya asali.

Wakati wa kiangazi msitu huwa mkavu kama karatasi, na warina asali huogopa moto. Hula vikavu mwezi mzima. Rehani siku ile alikaa uani akatwanga karanga zilizokaushwa juani, akazikanda kwa asali, akafinyanga vidonge mfano wa kokwa za fuu, lile tunda la porini, akampa mkewe. Nyamizi akamcheka, akasema hicho ni chakula cha nyani. Rehani akajibu kwamba nyani hajui kukaribisha mtu. Nyamizi akauliza, kwani huko porini hawana hata moshi? Rehani akasema moshi wanao, lakini ule ni wa nyuki, na kazi yake ni kufukuza.

Nyamizi alicheka peke yake juu ya mswala, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kucheka mahali pale, akanyanyuka.

Siku iliyotangulia Idi alifanya kazi tangu asubuhi. Alitwanga karanga kinuni, akachukua kibuyu cha asali kilichokuwa mvunguni, akafinyanga vidonge na kuvibiringisha kwenye ufuta. Alitoa kokwa za tende, kila tende akaitia karanga moja nzima tumboni. Maziwa ya mgando aliyafunga kwenye kitambaa cheupe, akayatundika mpaka maji yakachujika yote, yakabaki mazito kama siagi. Akayatia chumvi na pilipili manga, tayari kupakwa juu ya vipande vya matango. Maembe yalikuwa msimu wake. Aliyachagua yale yaliyokuwa katikati, si mabichi wala mabivu, akayaweka pamoja na ndimu na pilipili, ayakate kesho yasije yakanyauka.

Alasiri ndipo Havijawa alipochungulia juu ya ua akauliza lile swali. Mwenzangu, mbona kwako hakufuki?

Nyamizi akamjibu kwamba vionjo vipo, kesho karibuni. Havijawa akatazama jikoni. Mafiga yalikuwa baridi, na kuku mmoja alikuwa amelala katikati ya jivu, ametulia kama yuko kwake. Havijawa akamtazama yule kuku, akamtazama Nyamizi, akatikisa kichwa kidogo, akashuka. Alidhani amejibiwa na mtu anayeficha upungufu wake.

Mvua ikanyesha hadi alfajiri. Nyamizi alikwenda msikitini amevaa miwani nyeusi ya hospitali, akasali nyuma kabisa upande wa wanawake, na kwa kuwa alitembea polepole alitangulia kutoka. Alifika kwake akakata maembe, akapanga masinia matatu, akayafunika kwa kawa. Akafungua mlango wa mbele, ubao mmoja. Ubao wa pili ulikuwa umevimba kwa mvua. Kisha akakaa kwenye kigoda cha Rehani akasubiri.

Akasikia watu. Alizijua sauti zote. Alimsikia fundi Mdoe na kikohozi chake, akawasikia wale dada wawili waliokuwa hawasemezani tangu Rajabu. Nyayo zikaja mpaka mlangoni kwake, zikapunguza mwendo. Mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba wamwache apumzike. Nyayo zikapita. Zikakunja kwa Havijawa.

Nyamizi hakutoka kuwaita. Mtu haitiwi kionjo, hujiendea. Alikaa pale akijua kwamba Idi hii ikipita, ndiyo basi; mwaka kesho atafungua mlango wake kama mke wa Kafuku, na wasia wa Rehani utabaki na mlango wazi usioingiwa na mtu. Hakulia. Jicho lilikatazwa hata hilo. Alimwomba Mungu jambo moja tu, asimtie kinyongo na mtu aliyemlisha mwezi mzima.

Nusu saa ikapita, kutoka upande wa pili haikuja harufu ya chakula. Ulikuja moshi. Moshi mzito, mweupe, wa kuni zilizolowa, ukavuka ua, naye akafunga dirisha la uani. Akasikia watoto wakipiga chafya. Akamsikia fundi Mdoe akiuliza kama wamekuja kula ama kufukizwa, na watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kikaishia kwenye kukohoa.

Mara Havijawa akaingia kwa mlango wa mbele. Macho mekundu, kanga ya Idi ina masizi mpaka kifuani.

"Nyamizi, nisitiri. Kuni zangu zote zimelowa. Nina watu arobaini uani na sufuria halijachemka hata moja. Zako zipo ndani, kavu, hujawasha mwezi mzima."

Nyamizi akamtazama. Kuzitoa kuni zile ilikuwa kukihamisha kionjo kwa mkono wake mwenyewe. Akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na mzigo mzima wa kuni kavu, akambebesha mwenzake kiunoni.

"Chukua."

Havijawa hakuondoka. "Huniulizi wamefikaje kwangu?"

"Nimewasikia wakipita."

"Ni mimi niliyewaambia. Nilimwona yule kuku jivuni. Nikasema mwenzangu ameishiwa na hatasema. Nikasema aibu hiyo niibebe mimi."

"Najua umefanya kwa wema," Nyamizi akasema. "Nami siwezi kukunyima kuni, nimekula mkononi mwako siku thelathini. Ila wewe hujatia kitu kinywani tangu alfajiri. Onja kimoja, ndipo ubebe."

Akafunua kawa.

Havijawa akasimama na kuni zake kiunoni. Sinia la kwanza, maembe yamekatwa marefu, yanang'aa ndimu na doa moja moja la pilipili. La pili, tende zimelala mstari na matango yamevaa vilemba vyeupe vya mgando. La tatu, vidonge vya karanga, vimejaa.

"Umepikia wapi?"

"Sikupika."

Havijawa akanyoosha mkono wenye masizi, akaurudisha, akaufuta kwenye kanga, akachukua kipande cha embe. Akachukua tango. Halafu akatia kidonge kinywani, akakitafuna polepole.

"Hii asali ya Rehani," akasema mwishowe.

"Kibuyu cha mwisho. Nilikuwa nakitunza, sijui nakitunzia nini."

Upande wa pili wa ua mtoto alikuwa analia kwamba macho yanamuuma, na mama yake anambembeleza kwamba chakula kinakuja, kinakuja, si unauona moshi. Havijawa akasikia. Akauinua uso akasikiliza mpaka mtoto alipokohoa tena. Kisha akainama taratibu, akaziweka kuni zote chini pembeni ya mlango, moja moja, zisipige kelele. Akaweka bega lake kwenye ule ubao wa pili uliovimba, akausukuma mara moja, mlango mzima ukawa wazi.

"Mgeni hali moshi, Nyamizi," akasema.

Akatoka kwenda uani kwake kuwaleta watu.