Mkimbiaji Aliyetaka Kuishinda Nuru

Kulikuwa na mkimbiaji mmoja wa mbio ndefu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona nyuma ya mwenzake. Siku ya mazishi ya baba yake, kwa hasira ya ugomvi wa shamba, alimzuia mdogo wake asitie udongo kaburini. Akamwambia mbele ya watu wote, "Toka hapa, wewe si wa nyumba hii." Miaka saba ikapita hawasemeshani, na moyo wake ukawa unamuuma kila siku.

Hebu niambieni, ninyi mliotulia hapo kama hamjawahi kutamka neno la namna hiyo: nani asingetaka kuirudia siku moja tu?

Basi akasikia redioni kwamba mtu akiishinda nuru kwa kasi, anaweza kurudi jana. Kasi! Si ndiyo kazi yake? Akaenda kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya pale. "Mwalimu, niandikie ratiba ya mazoezi."

Mwalimu hakumcheka. "Bwana, mbio zako zinaanza na nini?"

"Na mlio wa bastola."

"Sasa sikiliza. Kwa hesabu zetu, ukiipita nuru, mshika saa mwingine, ambaye naye yuko kwenye mwendo wa kasi, ataona umefika kabla bastola haijalia. Ukigeuka na kurudi kwa kasi hiyo hiyo kwa kipimo cha saa yake, waweza kumkuta mwenye bastola hajafyatua, ukamnyang'anya. Je, mbio zako zilianzishwa na nini? Jibu likitangulia swali, dunia nzima inavurugika. Siku ile imefungwa, bwana. Huwezi kuirudia."

Mkimbiaji akalia kama mtoto. Mwalimu akamshika bega. "Lakini barabara ya kwenda kwa mdogo wako haijafungwa."

Akatoka mbio! Kilomita kumi na mbili za kupanda mlima, na viatu vya ngozi miguuni. Akamkuta mdogo wake anakata majani ya ng'ombe. Hata hajavuta pumzi ya kusema, mdogo wake akatupa panga chini. "Kaka, usiniombe chochote. Nilikusamehe pale pale kaburini, udongo ukiwa bado mkononi mwangu."

Wapendwa, jibu limefika kabla ya swali! Na nuru haikushindwa hata kidogo. Msamaha ulitoka zamani, ukakaa unamngoja mwisho wa mbio, naye hakujua.

Ndivyo tulivyosamehewa sisi, kabla hatujafumbua midomo. Tunasikitika kwamba hatuwezi kurudi kufuta makosa yetu. Je, shetani anaweza kurudi kufuta msamaha? Apitie wapi? Mlango wa jana uliotufungia sisi umemfungia na yeye! Lililotendwa kwa ajili yetu limetendwa, na hakuna mwenye mbio za kulifikia.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu usiyesemeshana naye, leo ibada ikiisha usipitie kwenye chai. Kimbia.