Saa Sifuri ya Yusta

"Mkono wa hiari ukiondoka hauagi." Methali hii mmeikuta imeandikwa juu ya masharti ya baraza la Msomi, nanyi mkaniuliza ni ya wahenga gani. Wahenga wake wangali hai, wanameza dawa za presha. Weka simu chini, Shembilu. Wewe hasa sikiliza, maana nimesoma barazani ulivyomjibu yule mgeni aliyeleta kazi jana. Mwanzo wa maneno haya ulikuwa hivi.

Mjini Korogwe kuna mwalimu wa hesabu aitwaye Mbaruku. Yeye ndiye aliyeanzisha Msomi, programu ya bure inayowasomea wasioona kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye simu zao. Waliomsaidia hawakulipwa hata senti. Walitawanyika kutoka Lamu hadi Bukoba, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, wakikutana katika baraza la mtandaoni tu. Aliyetengeneza kitu alikileta hapo mbele ya wote, Mbaruku akakikagua, kisha akakiingiza au akakirudisha. Siku za mwanzo walikuwa na desturi: kabla ya kukosoa lolote, mkaguzi huandika kwanza, "Karibu, tumepokea." Watumiaji walipoongezeka na kazi ikamwelemea, Mbaruku aliiacha desturi hiyo, akisema inapoteza muda. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie, ila vidole vyake vilikuwa na pilipili.

Kwa miaka miwili, kila Ijumaa alasiri, ilikuja kazi ya binti mmoja aliyejiita Yusta wa Kibondo. Kazi yake ilikuwa safi, na daima ilitanguliwa na salamu: "Shikamoo Mwalimu. Habari za Korogwe? Huku mvua imeanza, tunapanda maharage." Mbaruku aliziruka salamu, akachukua kazi. Habari za mvua hakuzijibu hata mara moja.

Sasa, Msomi ilikuwa na kasoro kubwa. Simu ikionyesha 7:00 asubuhi, ilisoma "saa saba", na sote tunajua hiyo ni saa moja. Kwa mtu asiyeona, anayeitegemea simu imwambie wakati wa kumeza dawa, hilo halikuwa jambo la mzaha. Yusta akajitolea kuirekebisha. Alihangaika nayo majuma matatu, akaileta barazani. Mbaruku alipoijaribu ilisoma saa zote vizuri, mpaka ilipofika 6:00. Binti wa watu alikuwa ametoa sita katika sita. Simu ikatamka kwa madaha, "Saa sifuri asubuhi."

Lilikuwa kosa la kuchekwa na wote pamoja, kisha liishe. Lakini Mbaruku alikuwa ametoka kusahihisha madaftari themanini ya kidato cha pili, na uchovu ule aliumwagia asiyehusika. Aliandika mbele ya watu mia nne: "Saa sifuri ndiyo saa gani? Asiyejua kusoma saa asitugusie kazi. Hapa si chekechea."

Haukupita muda, akapigiwa simu na Mzee Alawi wa Wete. Mzee huyu haoni, alistaafu kazi ya kuunganisha simu hospitalini, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia Msomi.

"Mwalimu, simu yangu imenisomea ulichomwandikia yule mtoto. Nimeona haya mimi."

"Amekosea, Mzee."

"Kakosea, ndiyo. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Na zile kazi alizopatia miaka yote hii, uliwahi kumsifu?"

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Huyu hakuuzii tembo, Mwalimu. Anakuchotea maji bure. Mtake radhi leo hii."

"Akilalamika nitamtaka radhi."

"Na asipolalamika?"

 Mbaruku akasingizia kengele ya kipindi, akakata simu.

Kosa lenyewe alilirekebisha kwa dakika kumi. Kisha Ijumaa ikafika. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata majibu alishayapanga kichwani. Alasiri ikapita bila neno. Ijumaa ya pili, kimya. Ya tatu aliandika kuomba radhi, mbele ya wale wale mia nne, maana aliyemtusi mtu sokoni hamwombi radhi chumbani. Watu wengi walimpongeza. Yusta hakuwamo.

Hapo ndipo alipoanza kuzisoma salamu za miaka miwili, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na maharage, kulikuwa na daraja lililochukuliwa na maji, na mdogo wake aliyefaulu darasa la saba. Kulikuwa na swali: "Mwalimu, machungwa ya huko yameshaiva?" Nalo halikujibiwa. Mbaruku alihisi uchungu alioshindwa kumweleza hata mkewe. Alimkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuisikia sauti yake, wala hakumjua kwa sura, na hakuwa na pa kumtafutia zaidi ya pale pale alipomfukuza.

Baada ya miezi mitano, toleo jipya la Msomi lilipotoka, Mzee Alawi alipiga tena, safari hii akicheka.

"Saa zinasomwa sawasawa, Mwalimu! Asubuhi hii nimemeza dawa bila kumwuliza mtu. Nani kafanya kazi hii?"

"Katika saa zote kumi na mbili, moja nimeirekebisha mimi. Nyingine zote ni za Yusta."

"Mpe shukrani zangu."

"Sijui alipo, Mzee. Nilidhani angalau angeniaga."

Mzee Alawi akaacha kucheka. "Angekuwa mwajiriwa, angekuandikia barua ya kuacha kazi. Huyu hakufungwa na chochote ila moyo wake. Mkono wa hiari ukiondoka hauagi."

Mbaruku aliyaandika maneno hayo mlangoni pa baraza, akairudisha na ile desturi ya "Karibu, tumepokea".

Nakuona, Shembilu, unataka kuuliza kama Yusta alirudi. Hakurudi. Huu ni mwaka wa sita. Akija mgeni akasema anatoka Kigoma, mkoani kwao Yusta, Mwalimu husoma jina lake mara mbili. Na kila Ijumaa alasiri huandika mistari ile ile: "Yusta, huku machungwa yameiva. Huko mvua vipi?" Kisha huiacha simu mezani, naye hukaa karibu nayo mpaka imwambie, kwa saa ile moja iliyo yake, kwamba ni saa kumi na mbili jioni.

Yule mgeni wako wa jana hajalalamika, nimeangalia. Usifurahi. Chukua simu yako sasa, umwandikie. Mkono wa hiari ukiondoka hauagi.