Mtama Uliomlinda Chui

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, kuni za leo ni mbichi na moto wenyewe unasinzia.

Hapo zamani za kale, wachoma mkaa walikuwa wakiumega msitu wa Kimbwe kila kiangazi. Wanyama wakaunda chama cha kuulinda. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa kapu la mtama wa kuwalisha walinzi. Mtunza ghala alikuwa Ngiri, bingwa wa maneno matamu.

Miaka ikapita. Makapu yakatolewa, msitu ukapungua, chemchemi ikabaki tope. Ndipo Digidigi, mjane mwenye watoto wadogo, akamwendea Muhanga, mchimbaji wa mashimo.

"Shangazi," akasema, "umezoea kuchimba. Tuchimbie na hili. Mtama wetu umelinda nini?"

Muhanga alikuwa mzee na mgongo ulimuuma. Alitamani kukataa. Akawatazama wale watoto wakilamba tope, akajikongoja, akaenda.

Akamkuta Nyani, mlinzi wa mpakani, amelala chali juu ya jiwe.

"Mwanangu, mtama wetu umelinda nini?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa, shangazi? Tangu mwaka juzi sijaonja hata punje. Wachoma mkaa wakija nawatazama tu. Tumbo tupu halifukuzi mtu."

Muhanga akashusha pumzi, akaenda, akaenda, akaenda, hata akafika ghalani. Ndani mlikuwa na makapi na mavi ya panya. Ngiri alikuwa amekaa kivulini.

"Ngiri, mtama wetu umelinda nini?"

Ngiri hakushtuka. "Umemlinda Chui. Alipogombea ufalme nilimpa mtama apike karamu, apendwe, achaguliwe. Mlinzi ana fimbo tu, shangazi, lakini mfalme ana amri. Aliniahidi atawafukuza wachoma mkaa wote."

"Chui amekalia kiti tangu mwaka juzi. Mbona bado wapo?"

"Anasema tungoje. Kila mavuno anataka mtama wa karamu nyingine kwanza."

"Na wenye mtama, uliwauliza?"

Ngiri akakwaruza ardhi kwa ukwato. "Wangekataa," akasema polepole.

Muhanga hakuwa na nguvu ya kugombana. Aliitisha baraza, akaeleza yote kama alivyoyasikia, Ngiri akiwa palepale. Wanyama wakanguruma, wakataka Ngiri afukuzwe. Kisha Kanga akauliza, "Ile karamu ya Chui, yenye ugali na togwa, ndiyo mtama wetu?"

"Ndiyo," Ngiri akajibu.

Baraza likapoa. Hakuna nyumba ambayo haikula siku ile. Digidigi akainamisha kichwa. "Nami nilikula, shangazi. Nikarudi nyumbani nikimsifu Chui kwa ukarimu wake."

"Ulikuwa na njaa," Muhanga akamjibu. "Na wanao pia."

Ngiri akaachishwa kazi. Wakamwomba Muhanga achukue ghala.

"Nimechoka," akasema, "na ghala silitaki. Yeyote atakayelichukua naye ataota maneno matamu. Kila nyumba ipike, impelekee mlinzi chakula kwa mikono yake, na imwone akila."

Walinung'unika, maana njia ya mpakani ni ndefu na jua lilikuwa kali. Lakini walipika, na walikwenda. Nyani alipokula akapata nguvu ya kusimama, na wachoma mkaa walipotokea na mashoka yao wakakuta walinzi wamesimama safu nzima, wakarudi walikotoka.

Mavuno yalipokwisha, Bweha akaja mlangoni kwa Muhanga, ametumwa na Chui.

"Mfalme anaulizia mtama wa karamu."

"Mwambie umeliwa."

"Umeliwa na nani?"

"Na walinzi."

Bweha akangoja aone kama kuna neno jingine. Muhanga alikwisha geuka, anaingia shimoni mwake kulala.

Chemchemi haikurudi mwaka ule. Mwaka uliofuata ililia kidogo chini ya jiwe, kiasi cha kutosha watoto wa Digidigi kulowesha midomo.

Hadithi yangu imekoma hapo. Aliyebaki macho na azime moto.