Kilio Ndani ya Kuta Nne

Sogeeni karibu, nami nianze. Katika Uingereza ya kale, Bwana Godfri wa Aldmere aliishi katika shamba la mkewe, Alisi. Alisi alifariki akijifungua, na mtoto akazaliwa mfu. Kwa desturi yao, mume aliyefiwa alibaki na shamba la mkewe ikiwa tu mtoto wao alisikika akilia ndani ya kuta nne.

"Shemeji, sijasikia kitu," alisema Hamoni, kaka wa Alisi, mlangoni. "Funga mizigo."

Jini wa ukutani akamnong'oneza Godfri, "Nilie badala yake? Nikianza, siachi."

"Lia."

Kuta zikalia mara tatu. Hamoni akavua kofia, akaondoka.

Tangu hapo zililia kila jioni mara tatu, na Godfri akainuka kutikisa kitanda kitupu cha mtoto. Siku aliyozikwa, kuta zilinyamaza. Nami nanyamaza hapo.