Daftari Safi la Binti wa Sataranji

Kaeni, akina mama, sitawachelewesha. Najua kuna waliotoka shamba moja kwa moja.

Palikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akifundisha mchezo wa sataranji, wengine huuita chesi, katika ukumbi wa kanisa. Mbao sita, viti vya kuazima. Hakuwa mtu wa kutaka ushinde Jumamosi hii. Alitaka uwe mchezaji baada ya miaka, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: unachokicheza mashindanoni kiandike, hatua yako na hatua ya mwenzako, mpaka mwisho. Ukishindwa, lete daftari, tukae tutafute ulipokosea. Yeye miguu ilikuwa imekwisha, mashindanoni haendi. Macho yake yalikuwa daftari.

Na palikuwa na binti mmoja. Akili anayo, pale ukumbini hakuna wa kumgusa. Alitaka kitu kimoja tu, kuingia timu ya vijana ya mkoa. Mwaka wa kwanza akashindwa. Wa pili akashindwa. Na timu ile, ukishatimiza miaka kumi na minane, mlango umefungwa.

Kila akirudi, mzee analifungua daftari. Mwandiko wa kupendeza, hakuna hata mahali palipofutwa.

"Hapa umecheza vyema. Na hapa vyema. Umeteleza mwishoni kabisa, mwanangu, kete zikiwa zimebaki chache."

"Ndiyo, mwalimu. Mwishoni tu."

"Basi tufanye mwisho."

Wakafanya mwisho. Miezi na miezi, mfalme na askari wawili, mfalme na askari mmoja. Mzee anasinzia, anaamka, wanaendelea. Mwaka wa tatu binti akaenda, akashindwa kama alivyoshindwa siku zote. Umri ukapita.

Wiki ileile akaingia ukumbini msichana mgeni, ndiye aliyemshinda binti kule mashindanoni. Wazazi wake wamehamia pale, anatafuta mwalimu. Mzee akasema, "Hebu nione daftari lako la siku ile." Maana kwenye sataranji wachezaji wote wawili wanaandika. Mchezo mmoja, madaftari mawili. Hilo binti hakulipigia hesabu.

Mzee akasoma. Akarudia. Akamwita binti.

"Hatua ya tano tu, ulimtoa malkia kwenda kula askari?"

Na malkia, akina mama, ndiye kete yenye nguvu kuliko zote; askari ndiye mdogo kuliko wote.

"Ukazunguka naye mpaka akakamatwa?"

Mgeni akajibia. "Huyu anakula chochote anachokiona, babu. Kwetu tunamwita Nzige. Unamwekea askari mmoja pembeni, anakuja mwenyewe."

"Niliona aibu, mwalimu," binti akasema. "Nikifika nyumbani nilikuwa naandika upya."

Mnaielewa kazi hiyo? Ukibadili hatua moja, ubadili na zote zinazoifuata, zako na za mwenzako. Bidii ya kutunga michezo ile ingetosha kumfundisha sataranji mara mbili.

"Madaftari ya kweli yako wapi?"

"Nimechoma."

Mzee hakupaza sauti. Alishachoka. Akasema, "Basi miaka mitatu nimemfundisha mtu asiyekuwapo. Wewe sijakufundisha hata siku moja."

Mnamcheka binti wa watu? Ngojeni kidogo.

Sisi hapa tukiulizwa, "Mama, nyumbani mnaendeleaje?" tunajibu, "Tunamshukuru Mungu." Na mkwe hujasema naye tangu Pasaka. Nesi anauliza kama dawa unameza, unasema nameza, na humezi, anakuongezea nyingine kali zaidi. Mchungaji anakuombea uvumilivu, kumbe shida yako ni ulimi. Kisha tunanung'unika kwamba tumeomba miaka yote na hatubadiliki. Tubadilike vipi? Anayeombewa ni yule wa kwenye daftari safi.

Mtaniambia Mungu anajua yote. Anajua. Lakini mtoto akivunja sahani, mama anajua, na bado anamngoja aje aseme. Na wanaotushinda, je? Hao wanatujua vizuri sana. Wameshatupa na jina. Wanatuwekea askari mmoja pembeni, tunakwenda wenyewe. Ni wale tu wanaotaka kutusaidia ndio tunaowaficha.

Nimeyasema haya mwaka juzi, mkaitikia amina, tukaenda nyumbani kama tulivyokuja. Leo sitaki amina. Kila mmoja amgeukie wa karibu yake, amtajie hatua moja mbaya kama ilivyochezwa, bila kuitengeneza.

Naanza mimi. Dada yangu alipokuwa anakufa niliwaambia ndugu zetu mvua ilikata njia. Mvua haikunyesha. Sikutaka kwenda.

Haya. Nani anafuata?