Mawe Thelathini na Saba ya Nakijwa

Nyongo ikituama huwa jiwe. Mjomba wenu aliyatamka maneno hayo jana kwenye kikao cha ukoo, nikawaona mnatazamana. Mmefanya vizuri kuuliza. Chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwepo, muuguzi kijana katika hospitali ndogo kule milimani Upare.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Senkondo, mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Nakijwa alisifiwa kwa uvumilivu. Alizaa watoto saba na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akilia. Basi maumivu yalipoanza kumshika chini ya mbavu za kulia, kila alipokula chakula chenye mafuta, hakumwambia mtu. Aliinama kana kwamba anachochea moto, akauma pindo la kanga, akangoja yapite. Yalipita, yakarudi. Miaka sita.

Mwaka wa saba hayakupita. Macho yaligeuka manjano, mwili ukachemka kwa homa. Senkondo na jirani yake walimteremsha mlimani kwa machela tangu alfajiri hadi adhuhuri. Daktari Mbaga alimpima, akasema, "Tusichelewe, huyu anatutoka."

Mimi ndiye niliyeshika bakuli la chuma alipoupasua mfuko wa nyongo. Nilisikia kabla sijaona: ngo, ngo, ngo. Mawe! Thelathini na saba, ya kahawia, laini, yamesuguana hata pande zake zikalingana kama yamechongwa na fundi. Habari zake nilikuwa nimezisoma chuoni, lakini niliyahesabu mara mbili.

Siku ya nne Nakijwa aliweza kuketi. Daktari akamletea bakuli, Senkondo akiwa kando ya kitanda.

"Nani aliyeniwekea haya?" Nakijwa aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni mkono wa mtu?"

"Hapana, mama. Ni mwili wako wenyewe. Ini hutengeneza nyongo, na kuna kifuko kinachoitunza. Ukila mafuta, kifuko hujikamua kikaitoa. Sasa nyongo ikizidiwa na yale mafuta yaitwayo lehemu, na kifuko kisipojikamua vizuri, inatuama, inakuwa nzito. Chembe kama mchanga hujitenga, zikashikana, jiwe likakua mwaka baada ya mwaka."

"Kama ndiva," Senkondo alisema taratibu. "Usipoifungulia maji, tope hulala chini. Likilala sana, haling'oki ila kwa jembe."

"Hivyo hivyo, mzee."

Nakijwa alichukua jiwe moja, akaliviringisha kiganjani kwa muda mrefu.

"Nalima, napika, nacheka na watu," alisema, "kumbe ndani kunajengwa, wala sisikii nyundo! Kumbe nyongo ikituama huwa jiwe. Na mimi nikatuama nayo. Laiti ningesema mwaka ule wa kwanza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua shingo atazame. Ndipo Senkondo alipovua kofia yake.

"Daktari, mimi nakojoa damu tangu Pasaka."

Nakijwa alimgeukia. "Baba Eliamini! Na ukanibeba mlima mzima?"

"Nilisema nitavumilia."

Alilazwa siku ileile. Kilikuwa kichocho, alitibiwa, akapona, akaishi miaka mingi. Wiki iliyofuata walikuja watu watano kutoka kijiji chao, kila mmoja na maumivu aliyokuwa ameyaficha. Nilipowauliza nani amewatuma, walinijibu kwa maneno ya Nakijwa. Baadaye yakatumika hata kwa machungu yasiyoonekana na daktari: mtu akiulizwa ana nini, akasema hana kitu huku machozi yanamlengalenga, mwenzake humshika mkono akamwambia, "Sema, ndugu yangu. Nyongo ikituama huwa jiwe."