Jino Likinyamaza

Jino likinyamaza, uliza taya. Mmemsikia bibi yenu akimwambia jirani maneno hayo, mkacheka, sasa mnataka kujua yametoka wapi. Kaeni. Aliyeyasema kwanza nilikula naye sahani moja.

Alikuwa Faki Kombo wa Wete, mpiga zumari. Akipuliza, mbuzi waliacha kula. Anayebisha akawaulize mbuzi. Hakuwa na shamba wala duka. Zumari ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe, Mize.

Mwaka mmoja gego la chini likamshika. Akalisokomeza karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, wapi. Mize akamsihi akaling'oe. Faki akajibu, "Mpiga zumari akiwa na pengo, pumzi itapita wapi?"

Wiki ya tatu akaamka, maumivu hayapo. Akasomesha maulidi ya shukrani, watu wakala wali.

"Limepona," akasema.

"Limepona au limekufa?" Mize akauliza.

"Maiti haiumi, mke wangu. Kula."

Baadaye taya likavimba, gumu, lisilouma. Akalifunika kwa ndevu. Kikatoboka kitundu chini ya kidevu, kikatoa usaha, kikaziba, kikafunguka tena. Hakikuuma, basi hakujali. Mwaka wa pili, harusini, alipojaza mashavu, tuliokuwa mbele tukasikia kitu kikikatika kama ukuni mkavu. Zumari ikamtoka mikononi.

Hospitalini daktari aliinua picha ya eksirei dirishani.

"Mzee, jino lilikufa, ndiyo maana likanyamaza. Uozo ukapita kwenye mzizi, ukawa unakula mfupa. Hapa ulipaswa kuwapo mfupa."

Faki akaona weusi mtupu, na kingo zake kama ubao uliotafunwa na mchwa.

"Na zumari?" akauliza. Midomo haikukutana.

Daktari akairudisha picha kwenye bahasha taratibu.

Wakamkata kipande cha taya. Aliishi miaka kumi na mmoja kwa uji, uso umelala upande. Ngoma ikipita njiani, aliinuka barazani akaingia ndani, akafunga mlango.

Ila akisikia mtu anajisifu kwamba jino lake limeacha kuuma lenyewe, alimwita, akamshika kidevu, akaupapasa mfupa kwa kidole gumba. Kisha akasema neno lake, mate yakimchuruzika. Wengi hawakumwelewa; walijifuta, wakaenda zao wakicheka. Mize ndiye aliyewafuata hadi njiani, akawarudishia neno hilo kwa ulimi mzima:

"Anasema, jino likinyamaza, uliza taya."